Wananijibu kwa Kiingereza, wanacheka kwa Kifaransa

Shikamoo Mama,

Nina miaka 29, mzaliwa wa Mombasa. Huu ni mwezi wa nane tangu nihamie Montreal, Kanada, ambako nafanya kazi ya kompyuta. Kazini shughuli nyingi ni kwa Kiingereza, na mshahara sina malalamiko nao. Shida yangu ni upweke. Wakati wa chakula cha mchana wenzangu hunisalimia kwa Kiingereza, dakika tano baadaye wamerudi kwenye Kifaransa chao na vicheko vyao, nami nabaki na simu yangu. Dukani nikijaribu Kifaransa changu cha kuokoteza, najibiwa kwa Kiingereza. Naona kama naambiwa nisiwapotezee wakati. Wawili niliozoeana nao, wasemao Kiingereza kama mimi, wamekwishahamia Toronto. Yupo dada mmoja wa idara ya hesabu aliyeniambia mara mbili twende tukateleze kwenye barafu. Nilikataa, kwa sababu sijui kuteleza na marafiki zake wote ni wa Kifaransa. Sasa nimepata nafasi ya kazi Toronto. Niondoke? Hawa watu wanatubagua? Na mama yangu nyumbani anadhani nina marafiki tele, kwa picha ninazomtumia.

R.M., Montreal

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa hiyo meza ya chakula. Kukaa kati ya watu wanaocheka nawe hujui kinachochekesha ni adhabu, hata kama hakuna aliyekusudia kukuadhibu. Barua za namna hii huletwa kwangu pia na watoto wetu walioko Brussels na Geneva, na karibu zote zina swali moja lililofichwa ndani: kosa ni langu au ni lao? Nitakujibu. Ila kwanza nataka ujue uko katika mji gani, maana naona umefika Montreal lakini hujapewa habari zake.

Mji huo una kidonda

Wasemao Kifaransa ndio wengi Quebec, jimbo la mji huo, na kwa miaka mingi waliishi kama wageni kwao. Makampuni makubwa ya Montreal yalikuwa mikononi mwa Waingereza, na aliyetaka cheo alijifunza Kiingereza au aliridhika na kazi za chini. Mtu akisema lugha yake hadharani aliweza kuambiwa aongee "kama mtu mweupe", yaani aongee Kiingereza. Naam, umesikia sawa, Mzungu akimwambia Mzungu mwenziwe. Mwaka 1968 mshairi Michèle Lalonde alilichukua tusi hilo akalifanya jina la shairi lake, na hadi leo halijasahaulika huko.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1977 serikali ya Quebec ya René Lévesque ilipitisha sheria ambayo watu huiita 101. Kifaransa kikawa lugha ya kazi na ya mabango, na watoto wengi wa wahamiaji wakapelekwa shule za Kifaransa. Mwaka 1995 watu wa Quebec waliitwa kupiga kura ya kuamua kama Quebec ijitenge na Kanada, na waliokataa walipata asilimia 50.58. Hebu fikiria, nchi nzima iliponea kwenye tundu la sindano. Mwaka 2022 sheria ikakazwa tena: mhamiaji akimaliza miezi sita, ofisi za serikali zinatakiwa kuwasiliana naye kwa Kifaransa, isipokuwa kwenye mambo kama afya, usalama wa umma na haki. Wewe miezi sita umekwishaipita.

Sikusimulii haya ili uwaonee huruma. Nataka ujue kwamba Kiingereza unachokibeba huko si chombo kitupu. Kwako ni lugha ya shule, uliipata darasani kama ulivyopata hesabu. Kwa bibi wa mwenzako wa kazini ilikuwa sauti ya msimamizi wa kiwanda. Wewe huna hatia katika hilo, lakini ukiingia chumbani nayo, historia huingia pamoja nawe.

Yule wa dukani hakukutusi

Zaidi ya nusu ya wakazi wa Montreal wanazijua lugha zote mbili, na katikati ya mji wauzaji wamezoea kukupokea kwa "Bonjour-Hi" ili uchague mwenyewe. Salamu hiyo iliwakera wanasiasa hata mwaka 2017 Bunge la Quebec likapitisha azimio la kuwaomba wafanyabiashara waseme "Bonjour" peke yake. Kijana wa dukani, basi, amebanwa pande mbili: serikali inamwambia Kifaransa, na sikio lake linamwambia huyu dada anahangaika, nimsaidie. Akikubadilishia lugha anakufanyia hisani. Pengine ana foleni ya watu sita nyuma yako. Pengine naye anatafuta mahali pa kufanyia mazoezi Kiingereza chake.

Hisani hiyo inakuumiza, hilo nalijua, kwa sababu inakuacha palepale. Basi ikatae kwa adabu. Jifunze sentensi moja mpaka uiseme usingizini: "J'apprends le français, on continue en français?" Mwambie unajifunza, mwombe muendelee. Wengi watatabasamu na kupunguza mwendo. Mmoja atanung'unika. Huyo mlipe pesa yake uende zako.

Sisemi ubaguzi haupo. Upo Montreal kama ulivyo kwingine, na mwanamke mweusi ataukuta. Lakini ubaguzi hukunyima nyumba, hukunyima cheo, hukufuata na mlinzi dukani. Ukikupata huo, Quebec ina tume ya haki za binadamu, ipeleke habari huko. Kubadilishiwa lugha ukinunua mkate ni jambo jingine, na ukiyachanganya hayo mawili utachoka kabla hujafika kwenye lile la kupigania.

Na ile meza ya chakula

Wewe ni mtoto wa Mombasa, kwa hiyo nikurudishe barazani. Amekuja mgeni wa Bara, msomi, mstaarabu, Kiswahili chake cha kugongagonga. Mlimjibu kwa Kiingereza, mkamtilia kahawa, mkamwonyesha njia ya kwenda kivukoni. Jioni, maneno yalipokolea, mlihamisha utani wote ukawa Kiingereza kwa ajili yake? Wapi! Wala hamkumchukia. Mlikuwa mmechoka, mko kwenu, na utani ukifasiriwa hufa. Lakini yule aliyerudi kesho na keshokutwa, akakosea ngeli na kucheka mwenyewe kabla hamjamcheka, mwezi wa tatu alikuwa na jina la utani. Na kwetu mtu akishapewa jina la utani, ameingia.

Hapo ndipo nataka nikubane kidogo. Sisi watu wa Pwani tuna kiburi cha lugha. Mtu akisema "kitu yangu" tunatazamana. Tumewakalisha wangapi kimya kwa kuwacheka? Nadhani woga wako wa kusema Kifaransa kibovu umetoka hukohuko nyumbani: unahofia utafanyiwa yale tunayowafanyia wengine. Kumbe mji uliomo husikia Kifaransa cha kila namna kutwa nzima, cha Haiti, cha Algeria, cha Vietnam, cha Kolombia. Mwandishi Dany Laferrière alifika Montreal mwaka 1976 akitokea Haiti, akafanya kazi viwandani, na mwaka 2013 akachaguliwa kuingia Académie française yenyewe, baraza la walinzi wa lugha hiyo. Kim Thúy, mzaliwa wa Saigon, alifika Quebec mtoto mkimbizi, na leo vitabu vyake vya Kifaransa vinasomwa kote. Kifaransa cha huko kina wenyewe wengi, na baadhi yao wanafanana nawe kuliko unavyodhani.

Shida ni kwamba kwa Kiingereza wewe ni mtu mzima mwenye digrii, mwepesi wa jibu. Kwa Kifaransa una miaka minne. Umeamua usubiri ukue kwanza, ndipo ujitokeze. Mwanangu, hakuna anayejifunza kuogelea ufukweni. Na urafiki hauhitaji ufasaha. Unahitaji mtu akuone ukikosea na bado urudi siku ya pili.

Mlango ulioufunga mwenyewe

Katika barua yako yote, mstari ulionisimamisha ni ule wa dada wa idara ya hesabu. Umeuandika kama jambo dogo. Amekualika, ukakataa. Akarudi, ukakataa tena. Halafu aya hiyohiyo unaniuliza kama watu hawa wanatubagua.

Watu wa Quebec marafiki zao wengi wamekua nao, tangu shule, tangu mtaa mmoja. Hawana haraka ya kuongeza mtu. Mwenyeji wa namna hiyo akimwita mgeni mara mbili, amejitahidi kuliko inavyoonekana, na mara ya tatu ataona haya. Zamu ni yako. Usingoje akuulize tena. Mtumie ujumbe, kwa Kifaransa chako chenye makosa, umwambie hujui kuteleza na unaomba akufundishe. Barafu ya bustanini ni ya bure, ukishapata viatu. Pale Lac aux Castors juu ya mlima Mont-Royal pia watu huteleza. Fanya upesi, kwa kuwa Machi ikiingia mara nyingi huanza kulainika.

Utaanguka. Ndiyo faida yenyewe. Mtu aliyeshikwa mkono asianguke haulizwi sarufi, na hao marafiki zake wa Kifaransa watakuwa na la kuzungumza nawe lisilohitaji maneno mia.

Una Kiswahili, kitumie

Umenishangaza kwa jambo moja: hukutaja hata Mswahili mmoja. Montreal ina Wakongo na Warundi wengi. Kati yao wapo wa Bukavu, Goma na Lubumbashi, wapo wa Bujumbura, na hao wamesoma kwa Kifaransa tangu utotoni na Kiswahili wanacho.  Ukikwama kwenye kitenzi, kuna mtu wa kukueleza kwa lugha yako, juu ya sahani ya sombe, na kukukaripia kama ndugu.

Watafute kanisani au msikitini, kwenye maduka ya vyakula vyetu, kwa wasusi. Sharti langu ni moja: ukikisikia Kiswahili cha Lubumbashi, usikisahihishe. Utatamani. Uma ulimi. Waombe wakuzungumzishe Kifaransa nusu ya mazungumzo, na usigeuze jamii hiyo kuwa maficho mapya. Ukizungukwa na Kiswahili wiki nzima utakuwa umehamia Mombasa yenye theluji.

Pa kuanzia

Jiandikishe masomo leo. Francisation Québec, iliyoanza mwaka 2023, huwapa wahamiaji masomo ya bure, ya darasani na ya mtandaoni, pamoja na ya saa chache kwa wiki kwa walio kazini. Foleni huwapo, ndiyo maana nasema leo. Faida ambayo hawaitangazi ni kwamba huenda jirani yako wa darasani hajui Kiingereza hata chembe, basi mtalazimika kuelewana kwa Kifaransa hichohicho kibovu. Urafiki wa wanaohangaika pamoja hushika haraka.

Maktaba za mji zina vikundi vya mazungumzo. Lakini mimi ninapenda zaidi mahali penye kazi ya mikono, kwa sababu mikono ikiwa na shughuli ulimi hulegea. Moisson Montréal, benki ya chakula iliyopo tangu 1984, hupokea watu wa kujitolea kupanga na kuchambua vyakula. Kwaya nayo ni nzuri sana, maana maneno yameandikwa na wote mnayasema kwa pamoja, hakuna wa kukusikia ukikosea. Wenzako wakienda kwenye kile wanachokiita "5 à 7", yale mapumziko ya baada ya kazi, nenda. Kama hunywi pombe, agiza maji ya matunda. Kaa saa moja, aga, ondoka. Usingoje kualikwa kwa barua, maana mwaliko wa huko hutupwa hewani na mwenye kuudaka ndiye mwalikwa.

Halafu kuna 1 Julai. Mikataba mingi ya nyumba Montreal huisha mwisho wa Juni, basi siku hiyo mji mzima huhama kwa mkupuo, magodoro barabarani, friji zikishushwa kwenye zile ngazi za nje zilizojipinda. Watu husaidiwa na marafiki, na malipo ni piza. Ifikapo Mei waulize wenzako nani anahama, useme utakuja kubeba. Sijui njia fupi zaidi ya kuingia katika nyumba ya mtu wa Montreal kuliko kuiingia na kochi lake begani.

Na wewe mwenyewe, kama unakaa magharibi ya mji, ambako Kiingereza kimetawala, vuka barabara ya Saint-Laurent. Tangu zamani ndiyo iliyohesabiwa kuwa mpaka, Waingereza upande huu, Wafaransa upande ule. Mwandishi Hugh MacLennan aliandika riwaya mwaka 1945 kuhusu pande hizo mbili zinazoishi pamoja bila kujuana, na jina la riwaya hiyo limekuwa msemo wa nchi. Si lazima uhame. Chagua kitu kimoja Rosemont, Villeray au Hochelaga, kwaya, darasa la ushonaji, lolote, uende kila wiki siku ileile, saa ileile. Nasema kimoja. Ukijiandikisha vitano utaacha vyote kabla ya Pasaka.

Ninachokihofia

Nahofia mwanamume. Mtu mpweke hutokea kumpata mmoja mwenye maneno matamu, na ghafla huyo anakuwa mwalimu, mkalimani, rafiki na njia ya kuwafikia wengine. Akiondoka, ameondoka na mji mzima. Nawe hutathubutu kumwacha hata akikutenda vibaya. Mpende umpendaye, lakini marafiki wako wawe wako.

Nahofia pia msimu wa giza. Jua linapozama saa kumi na kitu alasiri kwa wiki nyingi mfululizo, hata wenyeji huvunjika moyo, sembuse mtoto wa bahari. Ukiona hulali, huli, hutaki kuoga wala kupokea simu, hayo yamepita urafiki na Kifaransa. Piga 811, chagua huduma ya kijamii, zungumza na mtaalamu, Kiingereza kinapokelewa. Usione haya.

Toronto

Kazi ya huko ikiwa ni bora, kwa mshahara na kwa mustakabali, nenda na baraka zangu, hutakuwa umeshindwa. Lakini weka kodi ya nyumba kwenye hesabu hiyo, na usidhani watu wa Toronto wamekaa wanakungoja kwa sababu mnaelewana lugha. Waulize wale wenzako wawili waliotangulia wana marafiki wangapi sasa. Waulize kwa uwazi na usikilize wanavyovuta pumzi kabla ya kujibu.

Na ukifikiria kukaa Quebec daima, kumbuka kwamba tangu mkataba wake na serikali kuu ya Ottawa wa 1991 Quebec huchagua yenyewe wahamiaji wake wa kikazi, na Kifaransa kina uzito mkubwa. Kukaa miaka mitatu bila kujifunza ni kuchelewesha uamuzi ambao mwishowe utafanywa na watu wengine.

Mimi ningekuwa wewe ningewaomba Toronto muda, kama wanautoa, na ningeipa Montreal hadi Julai ipite. Kama hawautoi na roho yako imekwishaondoka, usibaki ili kunifurahisha mimi.

Mama yako

Mwambie. Si lazima yote kwa siku moja. Anza na simu badala ya picha, saa ambayo yeye ametulia, umwambie baridi ni kali na watu ni wagumu kuzoeleka. Mama wa Mombasa aliyelea mtoto hadi Kanada hataanguka kwa hilo. Atakachofanya ni kukupigia mara nyingi zaidi, na atakuuliza umekula nini. Huyo dada wa idara ya hesabu mtaje kwa jina, maana mama akishalijua jina la mtu atakuwa anakuuliza habari zake kila wiki, nawe itakubidi uwe na cha kumjibu.